Nilipewa unasihi kwa sababu mimi ni mwanamke

Mwaka 2016 tulikuwa walimu wanawake watatu katika shule yetu ya kata mkoani Singida. Mmoja alikuwa likizo ya uzazi, mwingine amebakiza miezi minne kustaafu. Kwa hiyo kikao kilipofika kwenye ajenda ya mwalimu wa malezi na unasihi, mkuu wa shule hakuhangaika kuangaza macho. "Madam, wewe ni mama, utaelewana na watoto." Nilikuwa na miaka ishirini na saba, vipindi ishirini na nane vya Biolojia kwa wiki, na mtoto sikuwa naye. Nikakabidhiwa faili jekundu lenye karatasi mbili, moja ikiwa ratiba ya usafi wa vyoo.

Nayaandika haya kwa mwalimu ambaye muda si mrefu atakabidhiwa faili kama lile. Mimi nilikosea kwa miaka mingi, na baadhi ya makosa yangu yalilipwa na watoto, si na mimi.

Elimu bila malipo ndiyo ilikuwa imeanza Januari ile. Ada ya shilingi 20,000 kwa shule za kutwa ilifutwa, kidato cha kwanza chetu kikatoka mikondo miwili hadi minne, madawati yakabaki yale yale. Waliokuja ni watoto ambao miaka ya nyuma wangeishia darasa la saba na kurudi kuchunga. Nilifurahi kuwaona. Ila shule ilikuwa moja ya zile zilizojengwa kwa nguvu za wananchi baada ya MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kuanza 2004, na kata yenyewe ni pana. Wapo waliotembea kilometa tisa kuja na tisa kurudi. Wa mbali zaidi walipanga mageto karibu na senta: chumba kimoja cha tope, wasichana wawili au watatu, kodi shilingi elfu tano kwa mwezi, na mzazi anapita siku ya mnada kuacha unga.

Mambo ya mageto sikuyajua wakati ule. Nilichojua ni kuhutubia. Kila Ijumaa mstarini nilisimama nikazungumzia makundi rika, ujana, na kuweka malengo. Sauti ninayo, walipiga makofi, mkuu akasema unasihi umeanza vizuri. Ukapita muhula mzima hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyenifuata kuniambia jambo lake.

Sababu ya kwanza niliiona kwa bahati mbaya. Asubuhi moja nilimkuta mvulana wa kidato cha kwanza amesimama nje ya ofisi ya walimu, karatasi mkononi, midomo inacheza kama anayesali. Alikuwa pale tangu kipindi cha pili na sasa ilikuwa mapumziko. Mlango wa ofisi yetu ulikuwa na bango la kalamu nyekundu, lile ambalo shule nyingi zinalo, linalosema asiyezungumza Kiingereza hahudumiwi. Kijana alikuwa ameandikiwa sentensi na mwenzake wa kidato cha tatu na alikuwa anaikariri. Nilimpokonya ile karatasi kwa utani. Ilisema baba yake amefariki usiku, anaomba ruhusa aende nyumbani.

Nilibandua bango siku hiyo hiyo. Mwalimu wa taaluma akalirudisha kesho yake, akasema nashusha viwango. Tulivutana karibu mwezi. Mwishowe nilihamisha shughuli zangu nje, chini ya mwarobaini ulio kati ya maktaba na kisima, nikatoa meza na mabenchi mawili. Baadaye niligundua kwamba pale palikuwa bora kuliko chumba chochote: kila mtu anatuona, hakuna anayetusikia. Mwanafunzi na mwalimu wakijifungia mlango, maneno hayachelewi, hata kama wote ni wanawake. Kama shule yako haina chumba cha unasihi, usikisubiri. Tafuta mti.

Sababu ya pili nilielezwa na msichana wa kidato cha nne, tena akicheka: "Madam, tutakuja vipi na fimbo unayo?" Kweli, nilikuwa natembea nayo. Wote tulitembea nazo. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Kwetu daftari lilikuwepo, jeupe pe. Nilimwendea mkuu nikamwambia siwezi kushika fimbo na faili jekundu kwa pamoja, achague kimoja. Alikuna kichwa, akaniondoa kwenye zamu za nidhamu. Wenzangu hawakufurahi, maana zamu zangu ziliwaangukia wao. Ukiomba hilo, jitolee kazi nyingine badala yake mapema. Mimi nilichukua zamu za maandalio ya jioni ambazo hakuna aliyezitaka.

Halafu kuna sanduku la maoni. Nililichongesha kwa fundi kwa shilingi elfu kumi na mbili zangu, nikalipaka bluu, nikalitundika mahali pazuri, mbele ya ofisi ya mwalimu wa nidhamu, na ufunguo nikampa yeye kwa sababu droo yangu haikuwa na kufuli. Nikisimulia hivi watu hucheka. Mimi niliona sawa kabisa. Wiki sita tulipata karatasi tatu, mbili zikisifu mkuu wa shule. Nilipolihamishia karibu na choo cha wasichana, na jingine la kopo la rangi kwenye choo cha wavulana, karatasi ziliongezeka, na nyingi zilihusu kitu ambacho sijawahi kukihutubia: njaa.

Februari 2017 wasichana walianza kuanguka. Mmoja anapiga kelele katikati ya kipindi, wa jirani anaanza, mara sita wako sakafuni, wengine wanakimbilia uwanjani. Wazazi wakasema mapepo, kuna mtu kaiuza shule. Mchungaji alikuja, shehe akaja, nawashukuru wote wawili kwa kuwa waliwatuliza watoto kuliko tulivyoweza sisi. Jambo lenyewe si geni katika nchi hii. Mwaka 1962, miezi michache baada ya Uhuru, shule ya wasichana kule Kashasha, Bukoba, ilifungwa kwa sababu ya kicheko kilichokataa kukoma. Mimi na mwalimu wa Hesabu tulikaa na daftari la mahudhurio tukaweka alama. Walioanguka, wengi walianguka baada ya kipindi cha sita. Karibu wote walitoka vitongoji vya mbali au mageto. Na wiki mbaya kuliko zote ilikuwa ya majaribio. Tuliwauliza mmoja mmoja chini ya mwarobaini wamekula saa ngapi mara ya mwisho. "Jana." "Jana jioni." Mmoja alifikiri kidogo, akasema, "Jana mchana, Madam."

Sisemi njaa ndiyo ilikuwa yote. Hofu ya mtihani ilikuwepo, na usingizi wa saa tano pia. Lakini hakuna unasihi ninaoujua unaoingia kwenye tumbo tupu saa saba mchana.

Tukaanzisha chakula, na hapa nilikosea kwa bidii sana. Niliandika andiko, kila mwanafunzi alete shilingi 15,000 kwa muhula, walimu wa madarasa wakusanye. Asiyeleta arudi nyumbani kuifuata. Wazo hilo la kuwarudisha lilikuwa langu, siwezi kumsingizia mtu. Matokeo ungeweza kuyatabiri: wenye njaa kuliko wote ndio tuliowatimua, wakatembea kilometa tisa kurudi kwa mzazi asiye na kitu, wengine wasionekane tena wiki nzima. Na Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 ulishakataza mwanafunzi kufukuzwa kwa sababu ya mchango. Nilikuwa naujua, ulibandikwa nyuma ya kiti changu. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni, sufuria zetu zilirudi stoo siku ile ile. Nilinuna wiki nzima kana kwamba nimeonewa.

Aliyetutoa hapo ni bibi mmoja, mlezi wa wajukuu wawili wa kidato cha pili, kwenye mkutano wa wazazi. Alisimama akaniambia hivi: "Mwalimu, mwanangu, unatudai hela mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza hapa nani ana hela? Njoo mwezi wa saba, nitakupa mahindi." Ukumbi ulipiga kelele za kukubali. Miaka miwili nimeishi Singida, nimenunua alizeti na vitunguu vyao msimu kwa msimu, na sikuwahi kufikiri kwamba kalenda ya shule na kalenda ya ghala hazifanani. Januari mahindi yako shambani yanapaliliwa, ghala limebaki vumbi, na ndiyo hiyo hiyo Januari tunadai sare, madaftari na mchango.

Safari hii wazazi wenyewe waliunda kamati, wakapiga muhuri wa serikali ya kijiji, wakapeleka taarifa halmashauri, nasi walimu tukakaa pembeni kabisa na fedha. Hesabu tulizifanya ubaoni mbele yao. Gramu 200 za mahindi na gramu 60 za maharage kwa mtoto kwa siku, mara siku 194 za masomo: debe mbili za mahindi na kilo kama kumi na mbili za maharage kwa mwaka mzima. Ilipotajwa kwa debe, wazazi walitazamana wakasema kumbe ni hivyo tu. Ilipotajwa kwa shilingi, mwaka uliotangulia, walinuna. Asiye na mahindi alileta kuni, au alikuja kuchota maji kwa zamu. Asiye na chochote, mtoto wake alikula. Tulikubaliana orodha ya waliochangia isikanyage jikoni, ikae kwa mwenyekiti wa kamati, na mpishi asiijue. Ukiacha orodha ikae karibu na sufuria, mtoto ataacha kula kabla hujamkataza.

Mwaka wa kwanza dumuzi walikula karibu magunia manne, kwa sababu tuliyarundika kwenye chumba cha maabara bila dawa wala kunyanyua kutoka sakafuni. Nunueni mifuko ile isiyopitisha hewa, ya tabaka tatu, na kausheni mahindi mpaka yavunjike menoni kabla ya kufunga. Ni bei, lakini magunia manne ni bei zaidi. Na mahindi yenye ukungu msiwapikie watoto kwa kuyaonea huruma. Sumu kuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kuchemsha.

Kuanguka hakukukoma ghafla. Kulipungua. Mwaka 2019 nakumbuka mara moja tu.

Sasa nirudi nyuma, Agosti 2017, kwa jambo ambalo nimekuwa nikilizungukia.

Binti wa kidato cha pili alikuja chini ya mwarobaini. Alikuwa na akili nzuri na maandishi madogo madogo ya kubana daftari. Alikaa geto na wenzake wawili. Unga uliisha kila Alhamisi. Kijana wa bodaboda alikuwa anawapa lifti, halafu chipsi, halafu vocha, na sasa ameanza kuuliza wataonana lini. Hakuwa amekubali lolote. Alichoniomba kilikuwa kimoja, kidogo, na kilikuwa ndani ya uwezo wangu: nimpigie simu mama yake nimwombe amhamishie kwa shangazi, ili ionekane wazo limetoka shuleni na si kwake.

Sikupiga ile simu siku hiyo. Niliona jambo ni kubwa kuliko yeye, kwamba mageto yote yana shida, na kwamba kikao cha walimu cha Ijumaa ndicho mahali pake. Nikalisimulia kikaoni. Jina sikulitaja, lakini nilitaja kidato, nikataja geto lilipo, na nikataja chipsi. Jumatatu mwalimu wa zamu alisimama mstarini akawaonya "wasichana wa kidato cha pili wanaokula chipsi za bodaboda." Mstari mzima uligeuka kutazama upande mmoja. Binti yule hakuwatazama wao, alinitazama mimi, mara moja, akainamisha kichwa.

Alikuja shule wiki mbili zaidi. Nilipoenda getoni mlango ulikuwa na kufuli. Kabla ya mwaka kwisha tukasikia ni mjamzito, na wakati ule ujauzito ndio ulikuwa mwisho wa shule. Sheria ya elimu ilikuwa imerekebishwa 2016, anayempa mimba mwanafunzi miaka thelathini jela. Kwa ukali huo, familia mbili zikakaa jioni moja zikamalizana nyumbani, na polisi hawakuona karatasi.

Nililia chooni, choo cha walimu, maji yakiwa yamefunguliwa ili nisisikike. Mume wangu aliniambia niache hiyo kazi isiyo na posho. Nilifikiria kuacha. Niliyeweza kumwambia ukweli wote ni muuguzi wa zahanati ya kijiji, mama wa makamo, ambaye hakunibembeleza. Aliuliza tu, "Yeye alikuomba nini?" Nikamwambia. Akasema, "Basi ungeanza na hilo." Tangu hapo nilimfuata kila mwisho wa mwezi, naye akawa mnasihi wangu bila cheo. Tafuta mtu wa namna hiyo nje ya shule yako, kabla hujamhitaji.

Baada ya hapo nilibadili utaratibu, na nilikuja kufurahi kuona mafunzo ya Mpango wa Shule Salama, yalipotufikia miaka baadaye, yanasema mengi ya hayo kwa maneno yaliyonyooka zaidi. Mtoto akikaa, kabla hajaanza namweleza: mengi utakayosema yatabaki hapa, ila ukiniambia kuna mtu anakuumiza au unataka kujiumiza, nitalazimika kumwambia mtu mzima mmoja, na nitakutajia ni nani kabla sijaenda. Wapo wanaoamka na kuondoka. Wengi hao hurudi baada ya siku tatu nne. Nikishasikiliza, namuuliza anataka kifanyike nini, na kama kinawezekana nakifanya siku hiyo hiyo, hata kama naona ni kidogo. Panapo ukatili, Sheria ya Mtoto ya 2009 haikupi hiari ya kunyamaza, na kikao cha walimu hakihusiki. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya, au dawati la jinsia na watoto polisi. Namba 116 ni bure na mtoto anaweza kupiga mwenyewe. Niliiandika kwenye ukuta wa vyoo kwa rangi ya mafuta ili wasiifute. Kikaoni napeleka shida za shule, kama mlango wa choo uliong'oka, na si shida za mtu.

Darasani nako nilijifunza, ingawa polepole. Mwaka 2019 nilimpa sifuri mvulana kwenye swali la usanisinuru. Jioni, kwenye maandalio, nikamsikia akimweleza mwenzake kwa Kiswahili kwa nini alizeti ya chini ya mti inakuwa ndefu na kichwa kidogo. Alieleza mwanga, majani, chakula cha mmea, yote, kwa mfano wa shamba la baba yake, vizuri kuliko nilivyoeleza mimi ubaoni. Alikuwa amepita kozi ya awali ya Kiingereza ya kidato cha kwanza kama wenzake, na haikumtosha. Lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, na Upimaji wa Kidato cha Pili huja kwa Kiingereza, hilo sina mamlaka nalo. Nilichofanya ni kuwapa dakika kumi za mwanzo wajadili kwa Kiswahili wawili wawili, halafu tunaandika pamoja sentensi tano za Kiingereza ubaoni, wanazisoma kwa sauti, wananakili. Mada nilizimaliza kwa kuchelewa. Mwalimu wa taaluma alininyooshea kidole, naye alikuwa na hoja, kwa sababu mada mbili za mwisho nilizifundisha mbio mbio. Lakini waliokuwa wanaacha karatasi tupu walianza kuandika, na mwanafunzi anayeandika kitu unaweza kumsahihisha. Wale waliokuwa wanatoroka kipindi changu walipungua pia. Sikuwa nimejua kwamba utoro mwingine ni aibu tu ya kukaa saa nzima huelewi.

Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa ujauzito waruhusiwe kurudi, na waraka ukatoka. Januari 2022 nilichukua nakala yake nikapanda basi dogo hadi senta alikokuwa anaishi yule binti. Nilimkuta anauza karanga na vitumbua stendi, mtoto wa miaka mitatu akicheza na vifuniko vya soda miguuni pake. Aliniamkia, "Shikamoo, Madam," akanipisha kwenye ndoo yake nikae. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa usiku kucha, ukatoka vibaya, nikaurudia. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza.

Nilimwonyesha waraka. Aliusoma wote, pole pole, kidole kikifuata mistari. Akasema kurudi kukaa dawati moja na watoto waliokuwa la nne wakati yeye yuko kidato cha pili, hapana. Nikamweleza njia nyingine, kituo cha Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, vipindi vya wasichana waliokatiza masomo, wanasoma hadi kidato cha nne nje ya shule. Hapo aliuliza maswali. Kituo kiko wapi, nauli kiasi gani, mtoto atakaa wapi. La mtoto sikuwa na jibu. La nauli tulilipigia hesabu pamoja kwenye kipande cha karatasi ya kufungia karanga.

Nilipoinuka kuondoka akaniita.

"Madam, na hili utalipeleka kikaoni?"

Nikamwambia hapana. Akanipimia karanga za mia tano, akaongeza kidogo juu, akageukia abiria wa basi lililokuwa linaingia.